Si polisi wala wakili: Kazi ya mtafiti wa uhalifu serikalini

UKIPANDA matatu Jamhuri ukielekea tao kwa Barabara ya Ngong, kuna ofisi moja karibu na Community utakayoipita bila hata kugeuza shingo. Haina seli, haina mbwa wa kunusa, wala hakuna Land Cruiser ya king'ora inayongoja mlangoni.

Ni ofisi ya Kituo cha Kitaifa cha Utafiti wa Uhalifu, NCRC, iliyo katika jumba la ACK Garden. Polisi wakiuliza nani alifanya, hawa kazi yao ni kuuliza kwa nini. Kwa nini kijana wa mtaa anaingia kwa genge? Kwa nini mtu anatoka jela leo na baada ya miezi michache amerudi kule kule?

Kituo hiki kilibuniwa kwa sheria ya mwaka wa 1997. Sheria hiyo ina jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Mbali na kuwachunguza wahalifu, kituo kinatakiwa pia kuangalia ikiwa wapelelezi, waendesha mashtaka na magereza wanafanya kazi yao inavyopasa.

Kwa maneno mengine, serikali imeajiri watu wa kuitazama serikali. Hapo ndipo kazi inapopata utamu wake, na ugumu wake pia.

Kilichoandikwa na kilichotokea

Kila mwaka Shirika la Kitaifa la Takwimu (KNBS) huchapisha idadi ya visa vya uhalifu vilivyoripotiwa kwa polisi. Neno la kushika hapo ni 'vilivyoripotiwa'.

Simu yako ikinyakuliwa jioni pale Kawangware, utaenda kituoni kuandikisha OB ama utameza mate tu uendelee na safari? Msichana akidhulumiwa na jamaa yake, mara ngapi wazee huketi wakapatana, mambo yakaishia hapo? Kwenye kitabu cha polisi, visa hivyo havikutokea.

Kinyume chake pia ni kweli. Kituo kikiwa na dawati la jinsia linalowasikiliza watu kwa heshima, wanawake wataanza kuja. Idadi itapanda. Mtu wa haraka atasema uhalifu umeongezeka, lakini mtafiti atauliza kwanza: je, si imani iliyoongezeka?

Ndiyo maana kazi hii haifanyiki ofisini pekee. Mtafiti anabeba maswali yake hadi mtaani, kwa wauzaji, bodaboda, machifu, wazazi na vijana wenyewe. Mara nyingi anadhaniwa kuwa karao aliyevaa nguo za raia. Hapo Kiswahili sanifu peke yake hakitoshi. Asiyeelewa Sheng atajibiwa, ndiyo, lakini majibu ya kumfukuza tu.

Gerezani kuna mtihani mkubwa zaidi. Mfungwa aliyeletwa na askari, akiulizwa kama amekubali kuhojiwa, kweli ana nafasi ya kukataa? Mtafiti mwadilifu huhakikisha askari amekaa mbali asikoweza kusikia, hujieleza upya, na haliandiki jina la mtu kando ya majibu yake. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data, kwa hivyo kutunza siri ya mtu si suala la utu wema pekee.

Kila mtu alikuwa na jibu

Kumbuka mwaka wa 2016, shule zaidi ya 100 zilipochomwa nchini. Kila mtu alikuwa na jibu lake. Wengine walilaumu dawa za kulevya. Wengine wakasema ni wizi wa mitihani uliozibwa. Wengine wakataja muhula wa pili ulioongezwa, na wazazi kuzuiwa kutembelea watoto muhula wa tatu.

NCRC ilituma watafiti kufanya tathmini ya haraka. Wakati kama huo wanasiasa wanataka mtu mmoja wa kulaumiwa, na wanamtaka leo. Mtafiti anakuja na sababu kadhaa zilizofungamana, na hakuna anayempigia makofi.

Lakini ukitaka kuona nguvu ya kazi hii, tazama ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliotolewa 2017 na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki, ambalo huongozwa na Jaji Mkuu. Waliofanya ukaguzi walipekua rejesta za vituo vya polisi, mahakama na magereza. Walichokuta ni mfumo uliowaelemea maskini, wengi wakikamatwa na kufungwa kwa makosa madogo madogo.

Chukua kosa la 'kuzurura', lililotoka enzi za mkoloni. Katiba inasema aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiisha siku isiyo ya korti, unangojea siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo kijana akishikwa Ijumaa jioni akitoka kutafuta kibarua, anaweza kulala ndani hadi Jumatatu, ndipo apelekwe Mahakama ya Kibera, si mbali na Jamhuri.

Nyumbani hiyo inaitwa bahati mbaya. Kwenye rejesta ni mstari mmoja tu. Mtafiti akiikusanya mistari hiyo kwa maelfu, haiwezi tena kuitwa bahati. Ni tabia ya mfumo. Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka mkataba wa Afrika wa haki za binadamu.

Bado, mtafiti hana uwezo wa kumfungulia mtu seli. Anapendekeza, wengine wanaamua, na ripoti nyingine huota vumbi kabatini. Asiyeweza kuvumilia hilo atachoka mapema. Ila Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila Mkenya haki ya kuitisha habari zilizo mikononi mwa serikali. Itumie.

Unaingiaje?

Njia ya kawaida ni shahada ya sosholojia, kriminolojia, saikolojia au takwimu. Wengi huongeza uzamili. Usiogope hesabu: jifunze programu za kuchanganua data kama SPSS au Stata, na za kukusanya data kwa simu kama KoboToolbox. Jifunze pia kuandika ripoti ambayo afisa mwenye shughuli nyingi ataisoma hadi mwisho.

Tume ya Utumishi wa Umma hutangaza nafasi za mafunzo ya kazi kwa waliohitimu. Maombi hayalipiwi, kwa hivyo anayekuitisha pesa ni mwizi. Kabla ya hapo, jitolee kukusanya data kwenye tafiti za chuo.

Na usidharau ulikokulia. Ripoti za uhalifu zinawataja vijana wa mitaa karibu kila ukurasa, lakini maswali mara nyingi hutungwa na watu ambao hawajawahi kulala kule. Anayejua kwa nini mtaa hunyamaza gari la polisi linapoegesha, tayari ana swali ambalo halijaandikwa kwenye fomu yoyote.