VIDONDA VYA KIWELE CHA MBUZI WA MAZIWA

Molo ni nchi ya baridi. Mji wenyewe uko juu ya bahari kadiri ya mita 2,500. Asubuhi ukungu hushuka kutoka msitu wa Mau, na wakati wa mvua mazizi hugeuka kuwa tope. Kwa miaka mingi nchi hiyo ilisifiwa kwa kondoo, pareto na viazi. Siku hizi wako pia wenye mashamba madogo wanaofuga mbuzi wa maziwa wenye asili ya Ulaya, kama vile Toggenburg, Saanen na Alpine wa Kijerumani, maana majani anayokula ng'ombe mmoja hutosha mbuzi kadha wa kadha. Mbuzi hao wana viwele vikubwa vyenye ngozi laini na nywele chache, na ikiwa zizi ni chafu kiwele hulala juu ya mavi usiku kucha.

Mara nyingi jambo la kwanza aonalo mwenye mbuzi ni teke. Mbuzi aliyesimama kimya jana, leo amwaga ndoo. Wengi humfunga miguu wakaendelea kukama, kumbe ingefaa kwanza wainame watazame kiwele mwangani. Vidonda navyo si vya namna moja, na dawa ifaayo kimoja haifai kingine.

Namna iliyo ya kawaida ni vipele vidogo vyenye usaha, hasa katika bonde lililo kati ya nusu mbili za kiwele na karibu na chuchu. Hivyo huletwa na vijidudu viitwavyo stafilokoki, na mkono wa mkamaji ndio unaovichukua kutoka mbuzi huyu hadi yule. Basi mbuzi mgonjwa na akamwe mwisho. Kiwele kioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikaushwe kwa kitambaa ambacho hakitumiwi kwa mbuzi mwingine, kisha kipakwe dawa ya iodini ya kuoshea viwele, kwa kipimo kilichoandikwa chupani. Vipele visifinywe. Vikizidi kuenea, ni kazi ya mganga wa mifugo. Na akimdunga mbuzi sindano, maziwa yasinywewe wala yasiuzwe mpaka zipite siku alizozitaja.

Mipasuko ya chuchu ni jambo jingine. Hiyo huja kwa sababu chuchu huachwa majimaji katika upepo wa baridi. Dawa yake ni rahisi: kukausha vizuri, na kupaka mafuta ya kukamia kidogo baada ya kukama. Mafuta yakipakwa juu ya uchafu hayasaidii kitu. Tena mbuzi mweupe kama Saanen aweza kuungua kiwele kwa jua kali la nchi ya juu, ingawa hewa ni ya baridi. Huyo atafutiwe kivuli adhuhuri.

Lakini ugonjwa ambao watu wa Molo wapaswa kuuangalia zaidi ni ule uitwao orufu, kwa kuwa huwapata kondoo na mbuzi pia, nao mara nyingi hulala zizi moja. Huanza kwa watoto: midomo hufanya magamba magumu, na wanyonyapo huwaambukiza mama zao chuchuni. Mama huona maumivu akawafukuza, na mtoto aliye na kidonda mdomoni aweza kufa kwa njaa huku maziwa yapo. Yafaa anyweshwe maziwa kwa chupa. Ugonjwa huu ni wa virusi, wala hapana dawa ya kuviua. Vidonda hupona vyenyewe baada ya wiki tatu au nne hivi, mradi visiingiwe na vijidudu vingine. Magamba yasibanduliwe kwa nguvu. Yakianguka yafagiwe na kuchomwa moto, kwani katika banda kavu ugonjwa hukaa ndani yake miezi mingi. Na mkamaji ajihadhari mwenyewe: orufu humwingia mtu vidoleni penye mkwaruzo, akapata uvimbe wenye uchungu. Avae mipira ya mikono.

Ikiwa mbuzi ana homa, macho na pua vinatoka maji, na vinundu vimetokea usoni, chini ya mkia na kiweleni pamoja, huenda ni ndui ya mbuzi. Hapo si mahali pa kujaribu dawa za dukani. Mbuzi asiuzwe wala asihamishwe, na Idara ya Mifugo ipewe habari siku ile ile. Chanjo ya kuwakinga walio wazima hutengenezwa hapa Kenya.

Hatari ya kidonda chochote karibu na tundu la chuchu ni kwamba vijidudu huweza kuingia ndani. Kila asubuhi matone ya kwanza yakamwe juu ya kitambaa cheusi. Yakionekana mabonge au damu, au kiwele kikiwa cha moto na kigumu, mganga aitwe kabla ya jioni, kwa kuwa mbuzi ana nusu mbili tu za kiwele, na nusu iliyokufa hairudi.

Zizi bora ni lile lenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi ndogo za kupitisha mavi na mkojo. Mbuzi aliyenunuliwa sokoni akae peke yake wiki tatu au nne, na mwenye kumkama akate kucha zake.