Boti ya Asubuhi Baada ya Busara

Tangu 2004, tamasha la Sauti za Busara limewakutanisha wapenzi wa muziki Unguja, kwa miaka mingi jukwaa kuu likiwa Ngome Kongwe. Shoo ya mwisho ikiisha, kazi ngumu inabaki bandarini: kuagana.

Boti ya Dar es Salaam huchukua kama saa mbili. Humo watu hupeana namba, hutumiana video, bado hubishana ni nani alipiga vizuri zaidi.

Anayerudi Matongo, Tarime, ana njia ndefu: Dodoma, Singida, Shinyanga, Mwanza, ndipo Mara. Lakini hana sababu ya kuaga kinyonge. Kwao kuna iritungu, ala ya nyuzi ya Wakurya, na njuga miguuni mwa wachezaji. Awaalike wenzake wote waje.