Antena kwanza, redio baadaye: Mwongozo kwa anayetaka kuanza redio ya ridhaa

Mawimbi ya tsunami yalipovikumba visiwa vya Andaman na Nicobar mnamo Desemba 26, 2004, mawasiliano ya simu yalikatika. Miongoni mwa waliokuwa mjini Port Blair siku hiyo ni Bi Bharathi Prasad kutoka India. Alikuwa amefika huko na wenzake kwa ajili ya uraibu wao tu, yaani kuzungumza kwa redio na watu wa mataifa mengine. Waliuacha mchezo, wakaigeuza mitambo yao kuwa njia ya kupeleka habari za walionusurika hadi India bara. Saa kadhaa baadaye mawimbi hayo yalivuka Bahari ya Hindi na kufika pwani ya Kenya, ambako mtu mmoja alifariki.

Uraibu huo ndio unaoitwa redio ya ridhaa. Ni huduma inayotambuliwa kimataifa na kutengewa masafa yake maalumu. Anayeishiriki hujifunza, hufanya majaribio na kuwasiliana na wenzake bila malipo. Haruhusiwi kufanya biashara hewani wala kupeperusha muziki na matangazo kama vifanyavyo vituo vya habari. Hahitaji mlingoti wa kampuni ya simu wala kebo ya baharini, jambo ambalo wengi walilikumbuka Mei 2024, kebo mbili za baharini zilipokatika na intaneti kuzorota katika eneo zima la Afrika Mashariki.

Hata hivyo, wanaoanza wengi huukata tamaa uraibu huu mapema kwa sababu huanzia mwisho. Hukimbilia dukani kununua redio za mkononi zinazofanana na zile wanazobeba mabawabu, kwa kuwa bei yake ni nafuu, kisha hushangaa kwamba hawasikii mtu.

Sababu ni ya kimaumbile. Redio hizo hutumia masafa ya juu sana, ambayo kwa watu wa ridhaa ni megahezi 144 hadi 146 na 430 hadi 440. Mawimbi ya masafa hayo husafiri karibu moja kwa moja kama mwanga wa tochi, hivyo mlima au jumba refu huyazuia. Kwa nguvu ya wati tano, mtu aliye bondeni huenda asisikike hata kilomita chache kutoka alipo, ilhali aliye kileleni husikika mbali mno. Zinafaa pale ambapo kuna wenzako karibu au mtambo wa kupokea na kurusha upya ulio mahali pa juu. Bila hivyo, ni pambo la mezani.

Lipo pia tatizo la sheria. Nyingi ya redio hizo huweza kurusha sauti kwenye masafa yasiyo ya ridhaa kabisa. Miongoni mwayo ni megahezi 156.8, ambayo meli na mashua huyatumia kuitia msaada. Kidole kilichobonyeza mahali pasipofaa mjini Mombasa chaweza kuizima sauti ya mvuvi anayezama. Ndiyo maana Sheria ya Habari na Mawasiliano ya mwaka 1998 inamtaka anayetumia mtambo wa redio awe na leseni, na msimamizi wake ni Mamlaka ya Mawasiliano, iliyojulikana zamani kama CCK.

Basi hatua ya kwanza ni leseni. Anayeitaka hana budi kuiuliza Mamlaka kuhusu masharti na ada kabla ya kuagiza chombo chochote kutoka ng'ambo, asije akakwama nacho forodhani. Kipo pia chama cha waendeshaji, kinachojulikana kwa kifupi kama ARSK, ambacho wanachama wake wanaijua njia hiyo. Mwenye leseni hupewa jina la hewani, na la Kenya huanza kwa 5Z4. Asikiaye herufi hizo popote duniani hujua mara moja kwamba mzungumzaji yuko Kenya.

Wapo wanaoogopa kwamba ni lazima wajifunze alama za Morse. Hadi mwaka 2003 kanuni za kimataifa ziliwataka hivyo waliotaka kutumia masafa yaliyo chini ya megahezi 30. Mkutano wa mwaka huo uliliondoa sharti hilo na kuiachia kila nchi iamue.

Wakati wa kusubiri leseni usipotezwe bure. Kusikiliza hakuhitaji mtambo wa kurusha. Chuo Kikuu cha Twente nchini Uholanzi kina kipokezi ambacho mtu yeyote mwenye intaneti huweza kukiongoza kwa tarakilishi na kusikiliza waendeshaji wakiitana. Tangu 2018 ipo pia setilaiti ya Es'hail-2 ya Qatar, inayobeba mtambo wa redio ya ridhaa. Imesimama angani juu ya ikweta kwenye nyuzi 26 hivi mashariki, kwa hiyo kwa aliye Nairobi iko karibu utosini. Dishi dogo la runinga lililoelekezwa vyema, pamoja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye tarakilishi, hutosha kusikia mazungumzo yake. Wiki chache za kusikiliza humfunza mgeni adabu za hewani kuliko kitabu chochote.

Inapofika zamu ya kununua, fedha zigawanywe kwa busara. Mtambo wa masafa mafupi, yaani wa megahezi 3 hadi 30, ndio unaovuka mipaka. Mawimbi yake hupanda hadi tabaka la juu la anga linaloitwa ionosfea, kisha hurudishwa ardhini mbali na yalikotoka. Mitambo mipya ya wati 100 ni ghali, na si dhambi kununua uliotumika, mradi mnunuzi auone ukipokea na kurusha kabla ya kutoa pesa. Ukitoka Marekani, atazame kama kifaa chake cha umeme kinastahimili volti 240 zetu, maana cha huko huenda kimeundwa kwa volti 120 pekee.

Mtambo wenyewe kwa kawaida hutumia volti 13.8, na ule wa wati 100 hufyonza ampia 20 hivi unaporusha. Betri ya gari huuendesha vizuri. Wanaoishi mashambani wakiijaza kwa paneli ya jua, wawe macho: vidhibiti vya jua vya bei rahisi, pamoja na chaja na balbu duni, hutoa kelele inayofunika sauti hafifu. Njia rahisi ya kumsaka mwizi huyo ni kuiwasha redio kwa betri, kuzima umeme wote wa nyumba, kisha kurudisha kifaa kimoja kimoja huku ukisikiliza.

Lakini kifaa chenye thamani kuliko vyote ndicho cha bei ya chini kabisa, nacho ni waya. Antena ya kawaida ina waya mbili zinazotandazwa pande mbili, na katikati huunganishwa kebo ya ohmu 50 inayoshuka hadi redioni. Kuupata urefu wote, gawanya 143 kwa masafa unayoyataka. Kwa megahezi 7.1 jibu ni mita 20 hivi, yaani mita kumi kila upande. Waya hiyo ikifungwa kwenye miti miwili, mita saba au nane kutoka ardhini, sehemu kubwa ya mawimbi yake hupanda juu na kurudi chini ndani ya kilomita mia kadhaa. Ni bora sana kwa mazungumzo ya mchana kati ya Nairobi na Kisumu. Anayeutamani ulimwengu akate nyingine ya mita kumi kwa megahezi 14.2 na kuiinua juu zaidi. Wati tano zenye antena nzuri hushinda wati mia zilizofungwa kwenye kipande cha waya dirishani.

Mambo mawili hayana mzaha. Waya isipitishwe kamwe juu au kando ya nyaya za umeme, kwani ikianguka humuua anayeishika. Na mawingu ya radi yakitanda, kebo ichomolewe redioni na kuwekwa nje ya nyumba.

Kabla ya kurusha kwa nguvu zote, antena hupimwa kwa mita maalumu inayoonyesha kiasi cha nguvu kinachorudi mtamboni. Kipimo kikizidi mbili kwa moja, waya hupunguzwa au kuongezwa kidogo kidogo. Kisha mwendeshaji husikiliza kama masafa yako wazi, huuliza kama yanatumika, na asipojibiwa hutaja jina lake la hewani polepole, herufi kwa herufi, na kungoja.