Chaja ya zamani ikifa, muone fundi kwanza

Toka Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja nzima ilikaa gizani baada ya umeme unaotoka Tanzania Bara kukatika. Ndipo mzee wetu aliponunua jenereta ndogo na chaja nzito ya betri za volti 12. Mwezi uliopita chaja imekufa, na dada kanipigia huku Thorncliffe Park, Toronto, nimtumie mpya.

Nikamwambia, "Subiri dada, ipeleke kwa fundi kwanza."

Ndani ya chaja ile mna vitu vichache tu: transfoma, diodi, fyuzi na swichi. Fundi mwenye mita anaona kilichoungua. Ilikuwa diodi moja.

Chaja mpya nyingi ni nyepesi na zinajizima betri ikijaa. Lakini baadhi saketi zake zimemwagiwa gundi ngumu. Zikifa ndiyo basi. Kanada imepitisha sheria Novemba 2024 inayoruhusu kuvunja kufuli za programu ili kutengeneza kifaa. Gundi, hata hivyo, haiyeyushwi na sheria.

Ya zamani nayo ina hatari yake: haijizimi. Betri ya maji ikipita takriban volti 14.4 huchemka na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Ichajiwe penye hewa, mbali na moto, mtu akiwepo. Betri ya lithiamu isiguswe nayo kabisa.

Nyinyi wa Muscat na Dubai mnaofunga mizigo ya nyumbani, kabla hamjalipa ulizeni: inafunguka kwa skrubu? Spea zake zinapatikana Darajani?