Maji ni jivu, kuni ni jua

Jumamosi moja nilikuwa Tandika, wilayani Temeke, nikisubiri zamu yangu ya kununua mkaa. Foleni ilikuwa ndefu, nami nikaegemea ukuta. Nilipoinuka, shati langu lilikuwa jeupe mgongoni. Nikasema ni chokaa. Fundi rangi aliyekuwa nyuma yangu akacheka: "Siyo chokaa, mzee. Hiyo ni rangi ya dukani. Jua limeshaila."

Mama mmoja akadakia: "Mnalilia shati? Mimi nasikia huko kwa wenzetu watapika kwa moto unaotoka kwenye maji, sisi bado tunagombania mkaa!" Watu wakacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu unga ule wa ukutani na moto ule wa maji ni ndugu.

Kwanza tuelewane kuhusu maji. Ndani yake mna haidrojeni, gesi inayowaka vizuri sana. Lakini haidrojeni ikiungua hushikana na oksijeni ya hewani, na kinachobaki ni maji. Kwa hiyo maji ni jivu la haidrojeni, na jivu halikokwi tena. Akija mtu kukuuzia kifaa cha kugeuza maji kuwa mafuta, asikueleze nguvu inatoka wapi, shika mfuko wako.

Kuitenganisha haidrojeni na oksijeni ni lazima kurudisha nguvu yote iliyotoka wakati wa kuungua. Nguvu hiyo jua linayo. Taabu ni kwamba mwanga unapita tu katika maji. Ndoo ukiianika uani itapata joto, haitatoa haidrojeni. Kinahitajika kitu cha kunasa mwanga na kuyapa maji nguvu yake, chenyewe kisiishe. Wataalamu wanakiita kichocheo.

Hapo ndipo linapoingia shati langu. Weupe wa rangi nyingi za dukani unatokana na unga wa madini ya titani. Unga huo hunasa sehemu ya mwanga wa jua, na nguvu yake huila gundi ya rangi kidogo kidogo, mpaka ukuta unaacha vumbi. Kwa fundi rangi hiyo ni hasara. Lakini mwaka 1972 Wajapani wawili, Akira Fujishima na Kenichi Honda, walieleza jinsi walivyomulika madini hayo hayo ndani ya maji, yakiwa yameunganishwa kwa waya na kipande cha platinamu. Upande mmoja ikatoka oksijeni, upande wa pili haidrojeni.

Mbona basi zaidi ya miaka 50 imepita na sisi bado tuko kwenye foleni? Sababu ya kwanza ni weupe wenyewe. Kitu cheupe kinaurudisha mwanga tunaouona. Unga wa titani unanasa mionzi ya urujuanimno tu, ambayo ni kama sehemu 5 katika kila 100 za nguvu ya jua. Ya pili, nguvu iliyonaswa hupotea upesi ndani ya unga wenye kasoro kabla haijayafikia maji. Kutu ya bati, kwa mfano, inanasa mwanga mwingi kuliko unga mweupe, lakini nguvu yake hufia njiani. Ya tatu, gesi hizo mbili zikitoka pamoja zinaweza kulipuka.

Kazi ya wataalamu ni kuziba matundu hayo. Mwaka 2020 kundi la Kazuhiro Domen huko Japani lilitumia unga wa titani wenye strontiamu na alumini kidogo, likafanya karibu mionzi yote ya urujuanimno iliyonaswa ipasue maji. Mwaka 2021 kundi hilo likaeleza jinsi lilivyotandaza nje bapa za mita za mraba 100, na gesi zikatenganishwa salama kwa utando. Hata hivyo, kwa nguvu yote ya jua, ilipatikana chini ya sehemu 1 katika 100. Leo paneli za umeme wa jua, umeme wake ukipasua maji, zinapata mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa hiyo, mama, usitupe jiko lako.

Lakini tusilale. Mwaka 2024 Serikali yetu ilizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Jua tunalo. Mchanga wenye titani uko Fungoni, Kigamboni, iliyokuwa zamani sehemu ya Temeke. Huko Kwale, Kenya, mchanga wa aina hiyo ulichimbwa tangu mwaka 2013 hadi mwishoni mwa 2024, na madini yake yakapakiwa melini kwenda nje.

Siku unga huo utakapojua kunasa rangi zote za jua, nani atakuwa na ujuzi wake? Mchanga bila ujuzi utatuuzia rangi ya ukutani tu, na vichocheo tutavinunua kwa bei ya wengine. Basi tuanzie kwenye maabara za shule zetu, mtoto wa Tandika apate kuuona unga huo ukifanya kazi kwa macho yake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.