Je, Wajua? Kamera ya Rangi Isiyokuwa na Mkanda wa Rangi

Je, wajua kwamba kamera iliyopiga viatu vyekundu vya Dorothy katika sinema ya The Wizard of Oz haikuwa na mkanda wa rangi hata mmoja tumboni mwake? Ndani yake ilipita mikanda mitatu kwa wakati mmoja, yote ya picha nyeusi na nyeupe. Wekundu ule ambao watu wameutazama tangu 1939 ulitiwa baadaye kiwandani. Kamera hiyo ilikuwa mali ya kampuni ya Technicolor. Ukitaka kujua kwa nini sinema za Hollywood za enzi ya studio kubwa zina sura ile, anzia kwenye sanduku hili.

Kampuni yenyewe ilianzishwa 1915 na Herbert Kalmus, Daniel Comstock na W. Burton Wescott. Kalmus na Comstock walisoma Massachusetts Institute of Technology, na kipande cha "Tech" katika jina la kampuni kimetoka huko. Kwa miaka mingi mfumo wao ulinasa rangi mbili tu, nyekundu na kijani, kwa hiyo buluu halisi ya anga iliwashinda. Mwaka 1932 ndipo rangi tatu zilipopatikana. Walt Disney aliwatangulia wenzake: katuni yake ya Flowers and Trees ilitoka mwaka huohuo kwa mfumo mpya na ikapata tuzo ya Oscar. Sinema ndefu ya kwanza iliyopigwa yote kwa rangi tatu, Becky Sharp, ilifuata 1935.

Sasa tufungue sanduku. Mwanga ukishapita kwenye lenzi, ulikutana na mche wa kioo ulioundwa kwa vipande viwili vilivyogandanishwa, na katikati yao kulikuwa na utando mwembamba wa madini unaofanya kazi ya kioo cha kujitazamia, lakini nusunusu. Sehemu ya mwanga ilipenya moja kwa moja hadi kwenye mkanda wa kwanza, ulionasa kijani. Sehemu nyingine ilirushwa pembeni, ambako mikanda miwili ilipita ikiwa imebanwa uso kwa uso. Wa mbele ulinasa buluu, na wa nyuma ukapokea nyekundu iliyopenya. Kwa hiyo kila picha iliandikwa mara tatu, na kila mkanda uliandika kwa kijivu tu: palipong'aa rangi yake na palipokosa.

Kiwandani, kila mkanda ulitengenezewa mkanda mwingine wenye gelatini iliyoinuka na kudidimia kufuata picha, mfano wa mhuri. Mhuri mmoja ulichovywa katika rangi ya njano, mwingine katika magenta, na mwingine katika buluu ya kijanikijani, kisha ikagandamizwa mmoja baada ya mwingine juu ya mkanda mmoja safi. Aliyewahi kuona kanga ikichapwa ataelewa upesi. Rangi hufuata rangi, na kila moja lazima iangukie mahali pake, la sivyo ua litatoka nje ya mstari. Tofauti ni kwamba ua la Technicolor lilikuwa na upana wa milimita chache tu, na kila sekunde ya sinema ilihitaji picha 24 za namna hiyo.

Ufundi huo ulikuwa na gharama yake. Mwanga uliogawanywa ni mwanga uliopungua, kwa hiyo taa zilibidi ziongezwe mpaka ukumbi wa kupigia picha ukageuka tanuri. Mfikirie Bert Lahr, aliyecheza Simba Mwoga katika The Wizard of Oz, akiimba na kuruka chini ya taa hizo akiwa amevaa ngozi halisi za simba zenye uzito wa kilo 40 hivi. Kamera nayo ilinguruma, kwa hiyo ilivalishwa kasha kubwa la kuzuia sauti, na kuisogeza ikawa kazi ya wanaume kadhaa. Kila tunapoona sinema ya rangi ya miaka ile ikituliza kamera na kuwaacha waigizaji watembee ndani ya fremu, tukumbuke uzito huo.

Lakini uzito mwingine ulikuwa kwenye mikataba. Wakati huo biashara ya sinema Marekani ilitawaliwa na studio tano kubwa: MGM, Paramount, Warner Bros., 20th Century-Fox na RKO. Zilitengeneza sinema, zikazisambaza, na zikamiliki majumba ya kuzionyeshea. Mwigizaji alifungwa kwa mkataba ambao mara nyingi ulifika miaka 7. Mafundi wa seti, washonaji, waandishi na wanamuziki walikuwa waajiriwa, wakipiga kazi kama kiwandani. Hata hivyo, studio hizo zenye kila kitu hazikuweza kununua kamera hii. Technicolor haikuiuza, iliikodisha, ikaja na fundi wake, na mikanda ikarudi kusafishwa na kuchapwa kwao.

Kamera iliambatana pia na mshauri wa rangi. Jina la Natalie Kalmus, aliyewahi kuwa mke wa Herbert, limeandikwa katika karibu kila sinema ya Technicolor iliyotoka kati ya katikati ya miaka ya 1930 na mwisho wa miaka ya 1940. Yeye na wasaidizi wake walipitia hadithi na kupanga rangi za nguo, kuta na mapazia. Aliamini kwamba rangi kali zikizidi huchosha macho, na kwamba kila rangi ibebe hisia ya tukio lake. Waongozaji na maprodyuza wengi waligombana naye. Ila ni yeye aliyeifanya Hollywood iulize, kabla ya kuwasha taa, kila rangi imekuja kufanya nini. Chukua viatu vya Dorothy: katika kitabu cha L. Frank Baum cha 1900, kilichozaa sinema hiyo, ni vya fedha. MGM ilivifanya vyekundu kwa sababu juu ya barabara ya matofali ya njano, wekundu ndio utakaoonekana.

Kamera hii imefika kwetu Afrika pia. Robert Surtees alipata Oscar kwa picha za King Solomon's Mines ya 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, ikiwa na wachezaji ngoma wa Rwanda. Mwaka uliofuata mpiga picha Jack Cardiff alilipeleka sanduku hilo zito kwenye mto Ruiki huko Kongo na Butiaba nchini Uganda kupiga The African Queen. Mashua ilikuwa ndogo mno kuibeba kamera na taa, kwa hiyo nakala ya mashua ilijengwa juu ya chelezo ili wapate nafasi ya kufanya kazi. Manowari ya Wajerumani katika hadithi hiyo imechukua mfano wa Graf von Götzen ya Ziwa Tanganyika, ambayo sisi tunaijua kwa jina la MV Liemba.

The African Queen haikutengenezwa na studio yoyote kati ya zile tano, na hiyo ilikuwa dalili kwamba nguvu za studio hizo zinapungua. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua dhidi ya studio hizo katika kesi iliyobeba jina la Paramount, na zikalazimika kuachana na majumba yao ya sinema. Mwaka 1950 Eastman Kodak ikaleta mkanda mmoja unaonasa rangi zote, unaoingia katika kamera ya kawaida. Kufikia 1955 kamera ya mikanda mitatu ilikuwa imestaafu.

Mrithi wake alikuwa rahisi, ila hakuwa na uvumilivu. Negativu nyingi za mkanda mmoja za miaka ile zimepauka na kugeuka waridi. Mikanda mitatu ya Technicolor haikuwa na rangi ya kupauka, ni fedha na kijivu tu. Ndiyo maana The African Queen ilipokarabatiwa, mafundi waliirudia mikanda ileile mitatu na kuioanisha kwa kompyuta.

Ukipata nafasi, tazama tena pale Dorothy anapofungua mlango na kuiona nchi ya Oz. Mlango ni wa kahawia, ukuta wa kahawia, mkono unaoshika kitasa nao una gauni la kahawia, na nje rangi zinafurika. Hapo hakuna ujanja wa maabara. Ukuta ule ulipakwa kahawia kwa brashi, na anayefungua mlango si Judy Garland, aliyemcheza Dorothy, bali ni mbadala wake aliyevalishwa gauni la kahawia. Mbadala huyo anarudi nyuma ya kamera, kisha Garland anapita mbele yetu katika gauni lake la buluu, ndani ya pigo hilohilo moja. Kamera ilikuwa inanasa rangi tangu mwanzo. Ni fundi wa kupaka rangi, mshonaji na mwigizaji mbadala, waajiriwa wa studio, walioizuia isionekane hadi mlango ulipofunguka.