Damu ya Musoma na Urithi wa Selimundu

Mwaka 1956 mtaalamu A. C. Allison alichapisha matokeo ya upimaji wa damu wilayani Musoma, ambayo wakati huo ilijumuisha Butiama. Kati ya watoto wachanga 287, 9 walikuwa wamerithi jeni ya selimundu kwa wazazi wote wawili. Kati ya watu wazima 654 walionekana 5 tu. Waliorithi kwa mzazi mmoja walikuwa asilimia 31 ya wachanga, lakini asilimia 38 ya wazima. Sababu ni kwamba jeni moja humkinga mtoto na malaria kali. Jeni mbili huharibu himoglobini yake.

Mwenye jeni moja huwa mzima, asijue alichobeba. Wawili wa namna hiyo wakioana, katika kila mimba mna hatari moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Basi vijana wa Musoma, Bunda na Butiama wapime damu kabla ya ndoa.